Mvua ya Ng'ambo

Boazi Mbonile alipostaafu ukarani wa mizani ya magari, hakufanya kama wenzake waliomtangulia. Mmoja wao alioa mke wa pili kabla miezi mitatu haijaisha, mwingine akanunulia wapwa zake bodaboda nne, na zote nne ziliishia kwa fundi. Boazi alinunua daftari lenye jalada gumu, akachonga penseli, akaketi mezani. Alikuwa mtu wa elimu ya jioni. Hesabu zake na Kiingereza chake alivipata akiwa mtu mzima mwenye watoto, na aliyekipata kitu kwa kusinzia na kuamka anakithamini kuliko aliyekirithi.

"Kiinua mgongo ni mgeni," aliwaambia akina baba wa kanisani siku walipomwomba awafundishe habari za kustaafu. "Usipompa kiti, anaaga."

Kisha akawasimulia habari za baba yake, mkulima wa Iyula, aliyekuwa na vihenge vitatu vya nafaka. Kimoja kilikuwa uani, cha pili shambani, na cha tatu kwa mjomba kule Ikinga, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mwaka moto ulipoteketeza cha uani, watoto hawakulala njaa. Boazi akageukia ubao, akaandika kwa mwandiko wake wa mlalo: VIHENGE VITANO. Mahindi kwenye ghala. Vyumba vya kupangisha. Nusu ya Fuso. Mkopo kwa kikundi cha akina mama wauza unga. Ng'ombe kumi na wawili kule Kamsamba.

"Kimoja kikishika moto, vinne vinabaki," alisema.

Wazee walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Wiliam, mgane, aliyekuwa mlinzi pale pale mizani. Tangu siku hiyo akaacha kumwita Boazi kwa jina, akawa anamwita mwalimu. Wiki iliyofuata alimletea bahasha yenye milioni saba na laki mbili, kiinua mgongo chake chote.

"Ninunulie na mimi mahindi, mwalimu. Uyaweke pamoja na yako."

"Tuandikishane."

"Tuandikishane nini? Miaka ishirini na mbili nimekufungulia geti."

Ilikuwa kweli kwamba fedha zilikuwa zikitembea mjini Tunduma mwaka ule. Ng'ambo ya mpaka mvua ilikata mahindi yakiwa yanabeba, na Wazambia wakaja kununua chakula kama watu wanaozima moto. Foleni ya malori ilifika kusikojulikana mwisho wake. Vyumba sita vya Boazi kule mtaa wa Mwaka vilijaa madalali na wapakia mizigo, wengine wakilipa kodi ya miezi sita mkononi. Fuso aliyochangia na Clever, mtoto wa shemeji yake, haikupata siku ya kuoshwa. Akina mama wa unga, wakiongozwa na Violet, walirejesha mkopo na faida kabla ya tarehe. Hata ng'ombe wa Kamsamba walipanda bei, kwa maana mji uliojaa watu unakula nyama.

Mkewe Yunisi alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa mara moja.

"Baba Faith, hayo mengine fanya. Iyula usiiguse."

Iyula walikuwa na ekari tatu za kahawa alizoachiwa Boazi na baba yake, na msingi wa nyumba ambao haukupandishwa kuta. Miaka yote ya mizani waliishi nyumba za kupanga, na kila Jumatatu Yunisi alipanda gari kwenda kupogoa mibuni. Alikuwa amechagua mahali pa jiko, na mahali pa dirisha ambapo angekaa na ungo wake akichambua maharage.

"Nani anaigusa?" Boazi akajibu. "Iyula si kihenge. Iyula ni fedha iliyolala. Mimi nataka fedha iliyosimama."

"Ilale hivyo hivyo," Yunisi akasema. "Na mimi nitalala hapo."

Bei ya gunia ilipofika elfu themanini, Boazi alipiga hesabu mara mbili, akaona kwamba kufikia Februari ingevuka laki na ishirini. Akaweka rehani vyumba vyake sita, akachukua mkopo, akaongeza magunia. Kwenye ghala la kukodi pale Sogea akawa na mia moja themanini yake na tisini ya Wiliam.

Ikafika Novemba. Upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kulikuwa na kumbukumbu ya mama mzazi wa Yunisi, na Boazi na mkewe wakavuka kwa miguu kama walivyozoea. Ukweni kwake kulikauka. Hata kuku walitembea polepole. Nyama ilikuwa ya mbuzi mmoja kwa watu sitini, na nshima, ugali wao, ilikatwa vipande vidogo kama mkate wa komunyo. Baada ya chakula shemeji yake Nikodemo, kaka wa Yunisi, alisimama.

"Mukwai, shemeji," alisema, akianza kwa neno la heshima la kwao, "sisi hapa tumeomba mpaka Mungu ametuchoka sauti. Tunataka sauti ngeni. Mkwe hakatai. Tuombee mvua."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza na kuinamisha vichwa. Boazi alisimama. Wa kwanza kumjia akilini hakuwa Mungu. Yalikuja magunia mia mbili na sabini, yamepangwa safu kwa safu, na Februari inakuja. Alifikiri kuomba kwa ufupi, kwa maneno ya jumla, juu ya afya na amani ya mataifa. Lakini mkwe hakatai, na zaidi ya hapo, Boazi alikuwa na sifa ya kuomba vizuri na hakuwa tayari kuipoteza mbele ya watu wa mke wake. Akaomba. Aliomba mvua ya wakati wake, isiyobomoa wala kuchelewa, ya kujaza mito na kunenepesha punje, mpaka wakwe wakakosa pa kuweka. Bibi mmoja alilia. Yunisi alimtazama mumewe kwa jinsi ambayo hakuwa amemtazama kwa miaka mingi.

Njiani wakirudi, walipokaribia mpaka, alimwuliza, "Uliomba kweli?"

"Sala ni sala, mama."

"Na mahindi?"

"Mungu ana mambo mengi," Boazi akasema. "Hataanzia Nakonde."

Mvua ilianza kabla Novemba haijaisha. Haikubomoa, haikuchelewa. Ilinyesha pande zote mbili, kwa kuwa mvua haina hati ya kusafiria, na siku nyingine Boazi alisimama kwenye mlango wa ghala akaangalia mawingu yakipita kichwani kwake kuelekea kusini, taratibu, kama malori yenye mzigo. Januari Nikodemo alipiga simu. "Shemeji, njoo uone mahindi. Mtu akiingia shambani haonekani. Hapa sasa jina lako ni Eliya." Boazi akacheka kwenye simu. Alipoikata, alikwenda ghalani akahesabu magunia upya.

Februari bei haikuvuka laki. Mnunuzi anayejua kwamba mahindi yake yanakomaa nyumbani hanunui ya jirani. Machi gunia lilikuwa sitini na tano, na madalali wakamshauri auze.

"Itapanda," Boazi akasema. "Wazambia hawajavuna bado. Kuna wiki nane za njaa katikati."

"Mzee, njaa gani? Wanachoma mahindi mabichi mpaka wanatapika."

"Nyinyi mnaangalia wiki. Mimi naangalia mwaka."

Wakamwachia mwaka wake. Juni, Zambia walipovuna mavuno ambayo wazee wao walisema hawakumbuki mengine kama hayo, gunia lilifika arobaini na tano na hakukuwa na wa kulichukua. Dalali mmoja, kijana mwenye kofia ya sufu wakati wote, alipita ghalani akagonga gunia kwa kiganja.

"Babu, haya unayasubiri yaote mbawa?"

"Kijana, ulizaliwa nikiwa napima malori."

"Basi yapime na haya. Yamepungua uzito."

Kijana hakutania. Skania, wale wadudu wadogo weusi wanaokula punje na gunia lake, walikuwa wameingia. Paa la ghala nalo lilivuja kwenye masika yale yale aliyoyaomba, na safu za chini zilikuwa zimeshikana kama matofali. Boazi aliuza ng'ombe wawili, akanunua dawa. Akauza watatu, akalipa kodi ya ghala. Lakini bei ya ng'ombe nayo haikuwa ile. Malori yalipopungua, mji ulikula maharage. Madalali walihama vyumba vyake wakidai wanakwenda kusalimia nyumbani, wakaacha misumari ukutani. Fuso ilisimama uani kwa Clever, na kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Violet alikuja mwenyewe, amejifunga kanga mbili, akakaa chini kwenye mkeka badala ya kiti.

"Baba, tumekuja kuomba utuhurumie. Wateja wetu sasa wana unga wao."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Mungu awanyime mvua," Violet akasema, kisha akajiziba mdomo.

Boazi alifungua daftari lake lenye jalada gumu, akaangalia ule ukurasa wa vihenge vitano, na ndipo alipoona alichokuwa amekipita kwa mwaka mzima. Baba yake hakutegemea idadi. Alitegemea umbali. Kihenge cha Ikinga kilipona kwa sababu moto wa Iyula haukujua njia ya Ikinga. Yeye, msomi, alijenga vitano kwenye ua mmoja, akavipaka rangi tofauti. Vyote vililishwa na kiu ya watu wengine, na kiu hiyo aliiombea iishe kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti nzuri.

Mwezi wa tisa benki iliuza vyumba sita kulipa mkopo, na hakikubaki kitu. Mahindi yaliyosalia yalichukuliwa na mtu wa chakula cha kuku kwa elfu kumi na mbili gunia, na fedha hizo zikaishia kwa mwenye ghala. Ng'ombe wa mwisho alikwenda kulipia matibabu ya Yunisi ya presha. Boazi alibaki na pensheni ya mwezi, iliyotosha kodi ya nyumba, dawa, na unga. Mtu angeweza kuishi hivyo, kama si Wiliam.

Wiliam hakudai. Kila Jumapili, wakitoka ibadani, alimshika mkono kwa mikono miwili na kuuliza, "Mahindi yetu yanaendeleaje, mwalimu?" Na kila Jumapili Boazi alijibu, "Yapo." Mguu wa Wiliam ulikuwa umeanza kuvimba kwa sukari, na alivaa kandambili hata kanisani. Binti yake Leah alitaka kumpeleka hospitali kubwa Mbeya. Wiliam alikuwa akimwambia, "Subiri tuuze." Alisubiri mpaka mwaka ukaisha na mwingine ukafika katikati. Mwezi wa saba, kandambili ya kushoto ilikuwa haiingii tena.

Jumatatu ile Yunisi alirudi kutoka Iyula na kikapu cha kahawa mbivu, nyekundu, kwa kumwonyesha tu.

"Mibuni imeinama, baba Faith. Na bei wanasema haijawahi kutokea. Tukivuna msimu huu na ujao, tunapandisha kuta."

Boazi alikiangalia kile kikapu. Katika mambo yake yote, lile moja aliloliita limelala ndilo lililokuwa limesimama. Hakuna mvua ya Nakonde iliyokuwa imelifikia.

"Mama Faith," alisema, "Wiliam atakatwa mguu."

Yunisi hakuuliza hilo lilihusianaje na kahawa. Alikaa chini, akaanza kuchambua zile punje, mbichi upande huu na mbivu upande ule, ingawa hazikuhitaji.

"Mpe ya mavuno ya mwaka huu."

"Haifiki milioni mbili. Na daktari haulizi msimu."

"Mwambie mahindi yaliliwa. Ni kweli yaliliwa."

"Nilimwambia yapo."

"Ulimwambia."

"Kila Jumapili."

Yunisi aliendelea kuchambua. Ekari za Iyula zilikuwa za baba yake Boazi, lakini serikali ya kijiji haigongi muhuri wa kuuza shamba bila sahihi ya mke, na wote wawili walijua hivyo. Boazi hakuwa mtu wa kuomba watu. Wakati wa uchumba alituma washenga ili asiombe. Sasa alikaa kwenye kiti chake cha mikono, magoti yamebana, akitafuta pa kuanzia. Yunisi alimaliza kuchambua kikapu chote.

"Mama yangu alipofariki," hatimaye alisema, "mpaka ulikuwa umezibwa na foleni ya magari. Wiliam ndiye aliyesimama kwenye matope akasukuma gari letu la msiba mpaka tukavuka. Nitasaini kwa ajili ya Wiliam. Usije ukafikiri ni kwa ajili yako."

"Sitafikiri."

Mnunuzi alikuwa Ipyana, jirani wa Iyula, mtu wa makamo aliyetajirika kwa kukusanya kahawa. Alifika kwa mwenyekiti wa kitongoji amevaa buti safi, akawapa shikamoo kwa heshima yote. Alitaka ekari zote tatu pamoja na mavuno yaliyo mtini, ama aache. Alitaja milioni tisa. Boazi, ambaye alikuwa amepima malori ya nchi nane na hakuwahi kudanganywa kilo, alijua kwamba zile ekari zina thamani ya mara mbili. Ipyana naye alijua kwamba anajua.

"Mzee, si mimi niliyekuharakisha," alisema kwa upole.

Mwenyekiti akaandika. Alipofika kwenye mipaka, akainua kalamu. "Makaburi hayauzwi. Hilo ni la kila mkataba hapa. Tukapime."

Wakaenda shambani, wakipita kati ya mibuni iliyoinama kama watu wanaosalimia. Kwenye pembe ya juu alilala baba yake Boazi, mama yake, na kaka yake mmoja. Mwenyekiti alipima kwa hatua. Alihesabu makaburi matatu, akaacha nafasi kidogo pembeni, akaongeza kijia cha upana wa mtu mmoja cha kufikia barabarani.

"Ongeza hatua mbili," Yunisi akasema.

"Za nini, mama?"

"Tuko wawili."

Ipyana aliangalia chini, akasema, "Mwongezee, mwenyekiti. Mwongezee tatu."

Boazi alisaini kwa mwandiko wake wa mlalo. Yunisi alisaini polepole, herufi moja moja, zile alizofundishwa na mumewe mezani watoto wao wakiwa wadogo, naye mumewe akirudi kutoka darasa la jioni na chaki kwenye mikono. Kisha akaenda akasimama kwenye ule msingi wa nyumba. Alisimama pale palipopaswa kuwa dirisha. Nyasi zilimfika kiunoni. Walipomwita kwamba gari limefika, alikuja bila kugeuka nyuma. Walipopita Mlowo, njiani kurudi Tunduma, alisema, "Sasa tumebakiwa na pa kulala."

Jioni ile ile Boazi alikwenda kwa Wiliam. Alimkuta kwenye benchi nje, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, Leah akimkanda kwa maji ya chumvi. Boazi aliketi kando ya Wiliam kwenye benchi, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Milioni saba na laki mbili," alisema. "Kamili."

Wiliam aliishika bahasha, akaipima kwa mkono kama mtu anayepima kuku.

"Kumbe tumeuza. Faida haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Si kitu. Karibu miaka miwili, na mtaji umerudi mzima. Ni nani mwingine hapa mjini angerudisha mtaji?" Akamgeukia binti yake. "Nilikuambia, Leah. Huyu ni mwalimu."

Leah alikuwa akimtazama Boazi, na viatu vya Boazi vilivyojaa udongo mwekundu wa Iyula. Boazi akavirudisha chini ya benchi.

"Kesho mpeleke Mbeya," Boazi akamwambia.

"Kesho nitapelekwa," Wiliam akasema. "Lakini kule haziishi zote. Tuseme laki mbili, tatu, hata milioni. Inayobaki ni nyingi. Na fedha ni mgeni, ulitufundisha mwenyewe. Usipompa kiti." Akamsogelea, akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kwamba wapitanjia wataiba siri. "Sasa nieleze. Niiweke wapi?"

Boazi alikuwa hajawahi kuulizwa habari za fedha akakosa jibu. Barabarani Fuso tupu ilipita ikigongagonga, ikielekea mpakani.

"Sijui, Wiliam."

Wiliam akacheka, akampiga begani. Alidhani ni unyenyekevu.

"Nitakungoja," alisema. "Fikiria, halafu Jumapili utaniambia."